Aliyevuja damu kwenye ubongo asipimwe kwa mguu na mkono tu

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Oktoba 29, Siku ya Kiharusi Duniani, magazeti na redio hutukumbusha dalili zake: uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, maneno kutoka yamevurugika. Ni kazi njema na iendelee. Barua yetu inahusu kinachofuata mgonjwa akishaokolewa, akaketi kitandani, akasimama, akapiga hatua, na ndugu wakaambiwa wanaweza kumpeleka nyumbani. Karatasi ya ruhusa itaeleza presha yake, dawa zake, na kama anatembea mwenyewe au kwa fimbo. Mara nyingi haitasema neno lolote kuhusu kumbukumbu, umakini, wala uwezo wake wa kupanga jambo na kulimaliza. Wiki ya tatu nyumbani minong'ono inaanza: amekuwa mvivu, amekuwa mkali, anajifanya hasikii, au kuna mkono wa mtu.

Sisi ni wauguzi na wataalamu wa utengamao, yaani kumsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake, tunaohudumia wagonjwa wa kiharusi. Tunachoomba ni kitu kimoja. Akili ya mgonjwa aliyevuja damu kwenye ubongo ipimwe kabla hajaruhusiwa, ipimwe tena baada ya miezi mitatu, na matokeo yaandikwe kwenye kadi yake ya kliniki kama presha inavyoandikwa.

Kiharusi ni cha namna mbili: mshipa wa damu kuziba, au kupasuka. Katika nchi tajiri kupasuka ni sehemu ndogo ya viharusi vyote. Kwetu Afrika sehemu hiyo ni kubwa zaidi, na sababu kuu ni presha ya kupanda isiyotibiwa, au iliyotibiwa miezi miwili kisha dawa zikaachwa kwa kuwa mwenyewe alijisikia mzima. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na jijini Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta Dar es Salaam ina viharusi vipya takriban 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai takriban 109, baada ya tofauti za umri kusawazishwa. Kiwango hicho cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vilivyo juu kabisa duniani.

Na wanaonusurika? Jijini Lille, Ufaransa, madaktari waliwafuatilia wagonjwa 218 waliovuja damu ndani ya ubongo, ambao kabla ya hapo hawakuwa na dimenshia, yaani ule upotevu wa akili unaomfanya mtu ashindwe kujitegemea. Mwaka mmoja baadaye asilimia 14 walikuwa wameipata. Baada ya miaka minne ilikuwa asilimia 28. Hapo hawajahesabiwa wale ambao akili imepungua kiasi cha kushindwa kuendesha duka au kufundisha darasa, ingawa wanaoga na kuvaa wenyewe. Hao ndio wengi tunaowaona, na ndio wanaopotea machoni mwetu, kwa sababu wanatembea.

Mahali damu ilipovujia panaeleza mengi kuhusu kitakachosumbua. Presha hupasua zaidi vijishipa vyembamba vilivyo ndani kabisa ya ubongo. Damu ikivujia huko upande wa kushoto, usemi unaweza kuathirika pamoja na mkono na mguu wa kulia. Ikivujia kwenye thalamasi, ambayo ni kama kituo cha kupokea na kugawa taarifa, kumbukumbu inaweza kuharibika vibaya hata kama bonge la damu ni dogo na mguu umepona. Sehemu ya mbele ya ubongo ikiguswa, mtu anakuwa amepoa: hana hamu, haanzi jambo mwenyewe, ukimuuliza anajibu sawasawa lakini usipomuuliza atakaa kimya hadi jioni. Au kinyume chake, breki zinalegea, anasema lolote linalomjia mbele za watu. Ubongo wa nyuma, ambao wengi wetu tulifundishwa kuwa kazi yake ni mizani ya mwili tu, nao ukijeruhiwa unaweza kuvuruga upangaji wa mambo na hisia.

Wapo pia wale ambao damu imevujia kwenye nafasi inayouzunguka ubongo, mara nyingi kwa sababu mshipa ulikuwa umetuna kama puto dogo ukapasuka. Hawa mara nyingi hawana kupooza kokote. Wanatoka hospitali wakitembea kwa miguu yao, na kila mtu anamshukuru Mungu. Lakini mshipa uliopasuka ukiwa katikati ya sehemu ya mbele ya ubongo, mgonjwa anaweza kukueleza kwa uhakika kwamba jana alikwenda Kariakoo kununua khanga, na huku ni wiki ya tatu yuko wodini. Hadanganyi. Kumbukumbu ina pengo na ubongo unalijaza kwa vipande vya zamani. Kubishana naye hakusaidii, na kumcheka kunaumiza. Mwambie tu ukweli kwa upole, umwonyeshe kalenda, uendelee na shughuli.

Kipimo tunachokiamini kuliko vyote hakihitaji karatasi. Mpeleke mgonjwa jikoni umwambie: "Mama, tuchemshie chai ya rangi, vikombe viwili, kimoja usitie sukari." Kisha nyamaza uangalie. Vitu viwe mahali pake pa kila siku, visipangwe mezani kwa zamu, maana ukivipanga umeshamfanyia nusu ya kazi. Chai ina hatua kama kumi: kupima maji ya vikombe viwili, kufungua mtungi wa gesi, kuwasha, kubandika sufuria, kusubiri yachemke, kutia majani, kuzima jiko, kuepua, kuchuja, kutia sukari kikombe kimoja. Kila kosa lina maana yake.

Akisimama ameshika kiberiti, haendelei mpaka umwambie "washa", shida ni ya kuanza jambo. Huyo nyumbani ataitwa mvivu. Akibandika sufuria tupu, au akatia majani kabla ya maji halafu asigundue kosa, mpangilio umevurugika. Akitia sukari, akakoroga, akatia tena, akakoroga, akatia mara ya tatu, ubongo umekwama kwenye hatua moja na hauwezi kuiacha. Akitia sukari vikombe vyote viwili, usikimbilie kusema amesahau. Muulize, "Nilikuomba nini?" Akijibu sawasawa kwamba kimoja kisiwe na sukari, kumbukumbu ipo, kilichokosekana ni uwezo wa kuzuia mkono ulioizoea kazi. Hayo ni matatizo mawili tofauti na yanafundishwa kwa njia tofauti. Akitafuta chujio huku na huku na liko kushoto kwake karibu na kiwiko, mpime kama anauona upande wa kushoto. Na yupo atakayefanya kila kitu bila kosa, ila kwa dakika 30 badala ya 10, kisha akajilaza hadi mchana. Huyo kasi ya kufikiri imepungua na uchovu wa ubongo ni mkubwa. Akirudishwa kazini wiki ijayo ataanguka, na sababu haitakuwa uzembe.

Kipimo hiki nacho kina mitego. Ndugu aliyesimama mlangoni humwonyesha kwa jicho lilipo kopo la sukari, na kipimo kimeharibika. Mzee ambaye hajachemsha chai tangu azaliwe asipimwe kwa chai. Mpe kazi yake mwenyewe: kuhesabu chenji, kufunga mzigo, kuandaa vifaa vya kunyolea, kupanga mbegu na mbolea. Tena mtu asimame karibu na jiko muda wote, hasa kama mgonjwa ni mwepesi wa kuondoka na kuliacha likiwaka.

Vipimo vya karatasi navyo vinahitajika, kwa sababu namba inaweza kulinganishwa na namba. Kinachotumika sana duniani ni MoCA, kilichochapishwa mwaka 2005. Kina alama 30 na huchukua dakika kama 10. Mgonjwa anachora saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi, ananakili mchemraba, anataja majina ya wanyama waliochorwa, anatoa 7 kutoka 100 mfululizo, anakariri maneno matano na kuulizwa tena baadaye. Alama 26 na kuendelea huhesabiwa kuwa kawaida. Shida ni kwamba mtu aliyeishia darasa la nne na hajashika kalamu miaka 40 atashindwa mchemraba hata kama hajawahi kuumwa kichwa. Ile alama moja inayoongezwa kwa mwenye elimu ya miaka 12 au pungufu haitoshi kuziba tofauti hiyo.

Ndiyo maana tunasikitika kwamba kipimo kilichotengenezwa hapa hapa kwetu hakijulikani inavyostahili. Kinaitwa IDEA, na kilitokana na utafiti wa wazee wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Hakihitaji kusoma wala kuandika. Mgonjwa anakumbuka orodha ya maneno 10 aliyosomewa, anataja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, anaeleza daraja ni nini, anajibu maswali ya siku na mahali, anamtaja kiongozi wa eneo lake, na anajenga umbo kwa njiti nne za kiberiti akiiga ulilomwonyesha. Jumla ni alama 15. 7 na kushuka chini ni dalili ya dimenshia. Kilitengenezwa kwa ajili ya dimenshia ya wazee, kwa hiyo kijana wa miaka 38 aliyevuja damu anaweza kupata alama nzuri na bado ana matatizo ya upangaji. Kitumike pamoja na chai.

Chochote utakachotumia, yapo mambo yanayoharibu matokeo kuliko ugonjwa wenyewe. Mgonjwa hana miwani yake. Masikio hayasikii vizuri na muulizaji anaongea haraka. Ametoka mazoezini sasa hivi, amechoka. Amepewa dawa ya usingizi jana usiku. Mwanawe anajibu kwa niaba yake. Pima asubuhi, baada ya chai, mahali pa utulivu, ndugu akae nyuma.

Lugha nayo. Mtu aliyezaliwa na Kichaga au Kinyakyusa, akasoma kwa Kiswahili, akafanya kazi kwa Kiingereza, ana lugha tatu kwenye ubongo mmoja, na hazirudi kwa mwendo mmoja. Anaweza kukosa maneno ya Kiswahili wodini, jioni akaongea na dada yake kilugha vizuri tu. Ukimpima kwa Kiswahili peke yake utaandika kwamba hana usemi. Mwulize ndugu, kabla hajaugua nyumbani walizungumza nini, sokoni nini, na alihesabu fedha kwa lugha gani. Pima kwa hiyo. Na aliyepoteza usemi kabisa, yaani mwenye afasia, hajapoteza akili kwa sababu hiyo tu. Vipimo vingi hutegemea maneno, kwa hiyo atapata alama za chini hata kama anaelewa kila kitu kinachosemwa juu yake. Tafadhali tusimjadili mbele yake kana kwamba hayupo.

Jambo jingine la kuuliza ni alikuwaje kabla. Wapo waliokuwa wameanza kusahau miaka miwili kabla ya damu kuvuja, hasa wazee ambao mishipa yao ya juu ya ubongo ilikuwa imechakaa. Ndugu mmoja anayeishi naye aulizwe kwa utulivu: mwaka jana alikuwa anakumbuka ahadi? Alikuwa anasimamia fedha zake? Alipotea njia aliyoizoea? Bila majibu hayo tutailaumu damu kwa yaliyotangulia, au tutawaahidi ndugu kurudi kwa uwezo ambao haukuwepo.

Kuhusu muda: siku za mwanzo usimpe mtu jina la kudumu. Mgonjwa anayechanganyikiwa wodini, mchana mtulivu na usiku anang'oa mpira wa mkojo, huenda ana maambukizi ya mkojo au mapafu, malaria, choo kigumu, au chumvi ya damu imeshuka, jambo la kawaida kwa waliovuja damu kuzunguka ubongo. Tibu chanzo, akili itatulia. Bonge la damu lenyewe huchukua wiki kadhaa kunyonywa na mwili, na uvimbe unaolizunguka hupungua taratibu. Kwa hiyo aliyevuja damu anaweza kuonekana mbaya kuliko aliyeziba mshipa katika mwezi wa kwanza, kisha akasonga mbele vizuri. Sehemu kubwa ya nafuu huonekana ndani ya miezi mitatu hadi sita, na wengine huendelea kupata nafuu hadi mwaka na zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya kuomba kipimo cha miezi mitatu: ndicho kinachoonyesha picha halisi, nacho ndicho kisichofanyika.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo tungetamani kila familia ilikate na kulibandika ukutani. Aliyevuja damu akikaa kama alivyo au akiendelea kupata nafuu, sawa. Akiwa ameshapata nafuu kisha akaanza kurudi nyuma, hiyo si kawaida, na visababu kadhaa vinatibika. Wa kwanza ni yule anayeanza kutembea kwa kuburuza miguu kana kwamba imegandishwa sakafuni, mkojo unamponyoka, na akili inakuwa nzito. Huenda maji yamejaa ndani ya ubongo kwa sababu damu iliziba njia yake. Daktari wa upasuaji huweka mrija wa kuyatoa, na mtu anaweza kubadilika ndani ya siku chache. Wa pili ni aliyeanguka wiki tatu au nne zilizopita, pengine bafuni na hata hakuumia sana, sasa anasinzia na anachanganyikiwa: damu inaweza kuwa imejikusanya polepole chini ya utando wa ubongo, na hutolewa kwa kutoboa tundu kwenye fuvu. Wa tatu anatumbua macho dakika moja au mbili, anatafuna mate, kisha hakumbuki. Hicho ni kifafa kisicho na kurusha miguu. Hao wote wanahitaji kurudi hospitali wakiwa na karatasi zao na kupigwa CT-scan upya. Kuwaambia "ndiyo hali ya kiharusi" ni kosa kubwa.

Wa nne ni yule aliyepoa, halali usingizi, hali chakula, analia au hataki kuonana na mtu. Takriban theluthi moja ya waliopata kiharusi hupata sonona, na sonona yenyewe hula kumbukumbu na umakini. Inatibika. Kumwambia "jikaze, kuna wengine wamekufa" hakumsaidii.

Angalieni pia mfuko wa dawa. Wapo wagonjwa waliopewa fenitoini au fenobabitoni siku ya kwanza ili kuzuia degedege, hawajawahi kupata degedege hata mara moja, na mwaka unapita wanaendelea kuzimeza kwa sababu hakuna aliyewaambia waache. Dawa hizi hupunguza kasi ya kufikiri. Diazepamu ya usingizi, amitriptilini ya maumivu ya bega na vidonge vya mafua vya piriton navyo humfanya mtu mzito na msahaulifu, hasa mzee. Usiziache mwenyewe kwa ghafla, maana ya kifafa ikikatwa ghafla huleta kifafa. Zipeleke zote kliniki ndani ya mfuko mmoja, uzimwage mezani, uulize moja moja: hii ni ya nini, na itaisha lini? Na aspirini ndogo ambayo jirani aliyeziba mshipa anaimeza kila asubuhi isigawanwe. Kwa aliyevuja damu, ni daktari tu aamue kama inamfaa.

Presha ndiyo kinga ya akili iliyobaki. Kila kuvuja kupya hupunguza kilichosalia, na presha iliyo juu huendelea kuharibu vijishipa vidogo hata kama hakuna kiharusi kipya. Lengo la kawaida kwa aliyewahi kuvuja damu ni chini ya 130/80. Ipimwe akiwa ameketi dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haijapishanishwa, mkono umelala juu ya meza usawa wa moyo, bila kuongea, na isiwe ndani ya nusu saa baada ya kahawa au sigara. Pima mara mbili kwa kupishanisha dakika moja, andika zote. Mkono mnene unahitaji mkanda mkubwa. Mkanda mdogo hutoa namba ya juu isiyo ya kweli. Na mgonjwa mwenye shida ya kumbukumbu asiachiwe dawa za presha azimeze kwa kichwa chake. Kisanduku cha vyumba saba kinatosha. Kisipopatikana, bahasha saba zilizoandikwa siku zinafanya kazi ileile.

Mazoezi ya akili nyumbani hayahitaji mashine. Kanuni ya kwanza ni kutomlazimisha kubahatisha. Familia nyingi humuuliza, "Huyu ni nani? Jaribu, jaribu!" Akikosea, kosa nalo linakaa kichwani na kesho linajirudia. Mpe jibu kwanza, kisha muulize. "Dawa ziko kwenye kopo la bluu juu ya kabati. Ziko wapi?" Ajibu. Muulize tena baada ya sekunde 15, kisha 30, kisha dakika moja, mbili, nne, nane, katikati mkiongea mengine. Akikosa, mpe jibu palepale, urudi kwenye muda wa mwisho aliopata, uanze kupanda tena. Jambo moja kwa wiki linatosha, na liwe la kumfaa: zilipo dawa, namba ya simu ya mkewe, jina la mjukuu. Kukariri miji mikuu ya Afrika hakumsaidii kitu.

Daftari liwe moja. Moja tu, lenye kamba, litembee naye, na kila siku iwe na ukurasa: leo ni siku gani, nani anakuja, nini kimefanyika. Madaftari matatu katika nyumba moja ni sawa na kutokuwa nalo. Kazi igawanywe vipande, televisheni izimwe wakati wa mazungumzo, aongee mtu mmoja kwa wakati. Mapumziko yawe kabla hajachoka.

Kwa anayesahau upande wa kushoto, dalili iko mezani: anakula ugali wa nusu ya kulia ya sahani na kulalamika kwamba amepewa kidogo. Mkalie kushoto, umwite kutoka kushoto, weka utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa sahani na wa ukurasa, umfundishe kuanza kutafuta kutoka kwenye utepe. Barabarani asitoke peke yake. Akitembea kando ya barabara, mtaro au gari lililo upande wake wa kushoto kwake ni kama halipo. Pikipiki na gari aviache mpaka apimwe na kuruhusiwa, hata kama mikono na miguu ina nguvu.

Kuna la simu, na hili tunaliandika kwa uchungu. Mgonjwa ambaye breki za akili zimelegea ni windo jepesi la matapeli wa ujumbe wa "tuma kwenye namba hii". Namba yake ya siri pengine anaijua, anachokosa ni shaka. Kabla hajaruhusiwa, familia ikae naye, ikubaliane kiasi kidogo kibaki kwenye simu yake, na fedha nyingine zikae kwenye akaunti inayosimamiwa na mtu aliyemchagua yeye mwenyewe. Aulizwe, aridhie. Kumpokonya simu kwa nguvu ni kumvunjia heshima, tena humfanya afiche. Kisha apewe mazoezi: shilingi 5,000, aende gengeni na mtu wa kumwangalia kwa mbali, anunue nyanya, vitunguu na chumvi, arudi na chenji. Alichosahau na chenji aliyoleta vitakueleza kama amefikia hatua ya kushika fedha zaidi.

Kurudi kazini kuwe kwa ngazi. Saa mbili kwa siku, siku tatu kwa wiki, kazi moja isiyo na haraka; baada ya wiki mbili ongeza. Mwajiri apate barua inayotaja shida yenyewe, kwa mfano "anahitaji maagizo ya maandishi na asipewe kazi mbili kwa pamoja". Barua inayosema tu "apewe kazi nyepesi" haina msaada, kwa sababu mwajiri atampa kazi nyepesi ya kupokea simu na wageni kwa wakati mmoja, ambayo kwa ubongo huo ni nzito kuliko kubeba magunia.

Tunajua wodi zimejaa na wataalamu wa tiba kwa vitendo na wa usemi ni wachache mno. Ndiyo maana tunaomba kidogo. Kwenye karatasi ya ruhusa iongezwe mistari minne: kipimo cha akili kilichotumika pamoja na lugha na tarehe yake; alama alizopata; kitu gani hasa kinasumbua, kwa Kiswahili kinachoeleweka na familia; na tarehe ya kupimwa tena baada ya miezi mitatu. Muuguzi wa kliniki ya presha anaweza kufundishwa IDEA na kuifanya mwenyewe. Njiti nne za kiberiti azifunge pamoja na kifaa cha presha, ili zisitafutwe kila siku ya kliniki.

Wauguzi na wataalamu wa utengamao wa wagonjwa wa kiharusi,
Moshi